RAMANI YA MAJI YA TAKAWIRI: ATAULIZWA NANI?



Swali moja limetufikia mara nyingi kutoka fuo za Takawiri, Mfangano na Rusinga, nasi tumeona afadhali tulijibu hapa kwa kirefu kuliko kumjibu mtu mmoja mmoja njiani. Swali ni hili: watu wenye madaftari na vyombo wakija kutuuliza tunavua wapi, ili wachore ramani ya mahali pa uvuvi, je, tuwaambie au tunyamaze?

Sisi twasema tuwaambie. Lakini si kila anayeuliza, wala si bure, wala si kwa kinywa cha mwenye mtumbwi ambaye yeye mwenyewe hajalala majini tangu aliponunua injini. Tutaeleza sababu.

Ramani za ziwa hili si jambo jipya. Karibu na mwaka 1900 Kamanda Whitehouse, Mwingereza wa jeshi la maji, alipita akipima mwambao na vina, kwa sababu reli ilikuwa njiani kuja Kisumu na meli zilitaka kujua njia ya kupita salama. Kazi ile ilikuwa ya meli. Mwamba uliandikwa kama hatari ya kuepuka, na mvuvi anautafuta mwamba ule ule ili ategee nyavu kando yake. Siku hizi wataalamu wana picha za setilaiti na vyombo vinavyopima samaki kwa mwangwi. Tena tangu mwaka 2000 nchi tatu zenye ziwa zimekuwa zikifanya hesabu ya mitumbwi, nyavu, injini na wavuvi kila baada ya miaka miwili hivi, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja. Ni kazi ya maana, nasi hatuidharau. Lakini hesabu ile hufanywa ufuoni. Yaonyesha ni mitumbwi mingapi inatoka Takawiri. Haionyeshi inakwenda wapi.

Sasa mwulize baharia. (Twamwita baharia kama fuo zetu zinavyosema, maana yake yule kibarua avutaye wavu, si nahodha wa meli.) Yeye hana karatasi, lakini hapotei. Mchana anavyo vilele vya Mfangano upande mmoja, na vilima vya Gembe na Gwassi upande wa bara. Akiona kilima fulani kimekaa sawa juu ya ncha fulani ya nchi, na upande wa pili mti fulani umefunika paa fulani, basi anajua yuko pale pale alipokuwa mwezi uliopita. Mistari miwili ikikutana, mahali pamepatikana. Ndiyo hesabu ya wapima ardhi, ila yeye haiandiki. Usiku wa giza ana nyota na taa za fuo.

Kina hukijua kwa kamba: ni pima ngapi zimekwisha kabla jiwe la nanga halijagusa chini. Jiwe likipanda na tope, ni tope. Likikwama, ni mwamba. Wavu ukirudi umechanika kila mara mahali pamoja, hapo pana gogo au chuma cha zamani, na mahali hapo hupewa jina, mara nyingi jina la yule aliyepoteza nyavu zake. Majina ya namna hii ni mengi kati ya Takawiri na Mfangano, na hakuna hata moja kwenye ramani ya duka la vitabu. Mengine ni ya Kijaluo na mengine yamebaki ya Kisuba, lugha ambayo vijana wengi wa visiwani hawaisemi tena. Mzee akizikwa, kilima kinabaki na mti unabaki, ila ule mstari baina yao unakwenda naye.

Na si mahali tu. Baharia anajua saa. Omena huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mwezi ukijaa, mitumbwi hupumzika. Ngege wa siku hizi huchimba viota vyao katika maji mafupi ya ghuba zilizotulia, na aliyezoea huviona kama mabakuli chini ya maji. Anajua pia rangi na harufu ya maji yanapokuwa mabaya, yale maji ya chini yasiyo na hewa ambayo upepo ukiyapindua hupanda juu na kuua samaki. Mwezi Novemba 2022 samaki wengi mno walikufa katika vizimba upande wetu wa Kenya kwa jambo hilo hilo la kukosa hewa, na wenye vizimba walipata hasara kubwa. Samaki walio huru wanaweza kuhama maji kama hayo, lakini samaki wa kizimbani hawana pa kwenda. Kwa hiyo kujua ni ghuba ipi hupata maji ya namna hiyo, na katika miezi gani, ni maarifa yenye thamani ya fedha. Hapana sababu ya kuyatoa kama kipande cha muwa.

Wengine watasema mambo haya ni ya wazee na sayansi imekwisha yapita. Twawakumbusha habari ya ngege wa kwanza, yule wa asili. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza uvuvi wa ziwa hili, kwa kuwa ngege walikuwa wakipungua nyavuni. Ni yeye aliyempa samaki yule jina la kitaalamu, mwaka 1928. Babu zetu wa Nam Lolwe walikuwa wamekwisha mla, mwuza, mtungia nyimbo na kumjua mahali pake tangu zamani zisizohesabika. Graham alishauri nyavu zisiwe na macho madogo kuliko inchi tano, na shauri lile lilikuwa jema. Baadaye sheria ile ikalegezwa, na katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta akatiwa ziwani. Leo kijana wa miaka ishirini akisema ngege, anasema juu ya samaki mwingine. Fulu nao, waliokuwa wengi kuliko samaki wote, wengi wao walitoweka katika miaka ya 1980. Laiti pangechorwa mapema, kwa midomo ya wavuvi wa wakati ule, mahali walipokuwa wakizalia, leo tungejua pa kuanzia.

Kazi ya namna hiyo inawezekana, na imefanywa na mvuvi. Huko Maine, Marekani, Ted Ames wa Stonington, ambaye mwenyewe alikuwa mvuvi, aliwaendea wazee waliostaafu na kuwauliza ni wapi zamani walikuwa wakiwakuta samaki aina ya chewa wa baridi wakitaga mayai. Hakuridhika na neno la mzee mmoja; alilinganisha la huyu na la yule, kisha akachora. Kazi yake ilichapishwa mwaka 2004, na wataalamu wakaona mazalio ambayo vitabu vyao havikuwa nayo, mengi yakiwa yamekwisha kauka samaki. Na karibu na kwetu, huko Diani pwani ya Kenya, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 wavuvi na watafiti waliandika pamoja samaki wanaopatikana na mahali wanapopatikana, kwa majina wanayotumia wavuvi wenyewe.

Pasipo kuulizwa mvuvi, matokeo yake nayo yanajulikana. Newfoundland, Kanada, wavuvi wa mitumbwi midogo ya karibu na pwani walilalamika katika miaka ya 1980 kwamba samaki ni wachache na ni wadogo. Hesabu za serikali zilitegemea sana meli kubwa za mbali, ambazo zilikuwa bado zinajaza matumbo yao. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ule ulifungwa, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Waliolalamika na wasiolalamika walifukuzwa siku moja.

Basi mbona wenzetu wengi wanaogopa kusema? Hofu yao si ya kijinga. Mahali ukishapataja, si pako tena. Leo unamwonyesha mtafiti, kesho kutwa tajiri wa mitumbwi kumi yuko pale na nyavu zake zimepita juu ya zako. Wezi wa nyavu nao watafurahi sana kupata ramani. Tena kuna mpaka. Sehemu ya Kenya katika ziwa hili ni kama 6 kwa mia tu, na mbuta hajui polisi. Wenzetu wa upande wa Migori wanajua yaliyotokea Migingo, jinsi nchi mbili zilivyogombana juu ya jiwe moja, hata wapimaji wakatumwa mwaka 2009, na jinsi wavuvi walivyokamatwa kwa kuvuka mstari usioonekana majini. Mtu akikwambia, weka alama hapa ulipovua usiku wa Jumanne, huenda unajiandikia mashitaka.

Kwa hiyo wavuvi wasiombwe alama zao. Waombwe eneo. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema «jiwe langu liko hapa» na kusema «kutoka ncha hii hadi kisiwa kile ni maji ya ndoano na nyavu za mbuta, na ghuba hii ni ya viota, isiguswe». La kwanza ni siri ya mtumbwi. La pili ni mali ya ufuo mzima, na ufuo unahitaji liandikwe.

Unahitaji kwa nini? Kwa sababu siku hizi pasipoandikwa kitu kwenye ramani panahesabiwa kuwa patupu, na patupu pana mtu wa kupaomba. Vizimba vya samaki vimeongezeka kwa maelfu upande wa Kenya katika muda wa miaka kumi na kitu iliyopita. Hatuvipingi vizimba, vinaajiri watu, na wengine ni wanachama. Lakini kizimba hutaka ghuba iliyotulia, na ghuba iliyotulia ndiyo ya viota, ndiyo ya mtumbwi wa kasia usioweza kwenda mbali. Ofisini mwombaji ana karatasi yenye mistari na vipimo. Mvuvi ana neno lake tu, nalo linaandikwa kama malalamiko. Akiwa naye ana karatasi yenye mihuri, mazungumzo yatakuwa mengine. Wa Mbita wanakumbuka mlango wa maji kati ya bara na Rusinga, ulivyozibwa kwa barabara ya mawe na udongo katika miaka ya 1980, na maji yakasimama miaka mingi hata likaja kujengwa daraja ili yapite tena. Mtu aliyekuwa akivua pale angeweza kuonyesha kwa kidole samaki wanapita wapi.

Sasa tuseme juu ya nani aulizwe, maana hapa ndipo tunapoibiwa. Mgeni akifika ufuoni hupelekwa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti humwita mwenye mitumbwi. Chai inanyweka, ramani inachorwa, posho inagawanywa. Baharia yuko amelala, kwa kuwa amekesha. Huyo ndiye anayejua, na huyo ndiye ambaye gharama za petroli na taa zikishatolewa, na tajiri akishachukua fungu lake, hupata kilichobaki. Kanuni za BMU za mwaka 2007 hazikuziunda kamati za fuo ziwe za matajiri peke yao. Vibarua ni wanachama na wana haki ya kuketi humo. Wanaoketi ni wangapi? Kila tawi lihesabu lenyewe. Na akina mama wanaonunua na kuanika omena mchangani wasisahauliwe. Wengine wakitazama samaki tu wanakwambia mtumbwi umetoka upande gani.

Siku ya kuchora ramani ni siku ya kazi, ilipwe kama kazi. Mwaka 2022 Kenya iliridhia Mkataba Namba 188 wa Shirika la Kazi la Dunia, unaomtambua mvuvi kuwa mfanya kazi mwenye haki ya mapatano ya maandishi. Tungependa kuona mapatano hayo Takawiri kabla hatujaona ramani nyingine. Nakala ya ramani ibaki ufuoni, imebandikwa penye kivuli, yenye majina yetu kwa tahajia yetu, na isipewe mtu wa vizimba wala wa hoteli kabla mkutano wa ufuo haujaiona. Ikiwa wageni hawakubali hayo, tuwape chai tu.

Tena tusingoje wageni. Kutoka Takawiri ukitazama mashariki waiona Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya kabla hajawa waziri. Alipoanza, wengi walisema makarani na wafagiaji hawawezi kuungana. Mabaharia nao husemwa hivyo hivyo, kwa kuwa leo wako Remba, kesho Ringiti.

Makatibu wa matawi ya visiwani wanaombwa wawaite mabaharia wakati wa mbalamwezi ijayo, omena watakapokuwa wamepumzika. Wawepo wazee wawili wasiovua tena, na mama mmoja wa soko. Anzeni kwa kuchora kisiwa, kisha vilima, kisha majina, na siri za mitumbwi ziacheni mitumbwini. Karatasi kubwa za manila na penseli za rangi zimo ofisini. Atakayekuja kuzichukua atie sahihi, maana zile za mara iliyopita hazikurudi.

Mhariri