Kusoma Shahada Ukiwa Nyumbani: Mama wa Maabara Anaweza?

Mama mwenzetu, swali hili limekuwa likitufikia kwa namna mbalimbali, na safari hii limetoka Mikumi. Aliyeuliza ni mama wa watoto watatu, mtumishi wa maabara ya hospitali. Anataka kujua kama anaweza kusomea shahada ya juu ya sayansi ya maabara kwa njia ya intaneti, bila kuwaacha watoto kwa bibi yao. Mumewe hakukataa. Aliuliza tu, "Na ada ya watoto?" Swali hilo la shemeji yetu lina uzito, nasi tutalirudia.

Kwanza tuseme kwamba hamu yake si ya kujivuna. Barabara kuu iendayo Zambia inapita Mikumi katikati, na ajali inapotokea, kwa kawaida daktari hamwongezei majeruhi damu mpaka mtu wa maabara apime kundi lake na kuhakikisha damu ya mchangiaji inakubaliana nalo. Mtoto mwenye homa, mjamzito mwenye upungufu wa damu, mzee anayekohoa wiki ya tatu, wote wanasubiri jibu lake. Wengi wetu hatumjui hata kwa sura, maana yuko nyuma ya kidirisha kile tunachopitishia vikopo.

Sasa, dada, una cheti gani mkononi? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kama una stashahada, shahada ya uzamili bado haijakufikia. Itakubidi upate kwanza shahada ya kwanza, na kwa fani ya maabara hiyo husomwa darasani na mbele ya hadubini, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Iko Muhimbili Dar es Salaam, iko Bugando Mwanza, iko KCMC Moshi. Hakuna njia ya mkato, na anayekuuzia njia ya mkato kwenye simu mwogope.

Sababu yake ni rahisi kueleza kwa mfano wa jikoni. Mtu anaweza kusoma kitabu kizima cha mapishi na chapati zake zikawa ngumu kama ubao. Kupaka damu kwenye kioo iwe nyembamba inavyotakiwa, kuitia rangi ya Giemsa, kisha kumtambua mdudu wa malaria kati ya takataka za rangi, ni kazi ya mkono na jicho. Hata Marekani, ambako masomo ya maabara kwa mtandao ni mengi, mwanafunzi ambaye hajafanya kazi hiyo hupelekwa hospitalini kwa mazoezi ya wiki nyingi.

Lakini kama tayari una shahada ya kwanza na miaka kadhaa ya kazi, habari ni nyingine kabisa. Mkono unao. Unachotafuta sasa ni elimu ya juu ya magonjwa, takwimu, utafiti na uongozi wa maabara, na hiyo yaweza kusomwa kwenye meza ya chakula watoto wakishalala. London School of Hygiene and Tropical Medicine, kwa mfano, ina shahada ya uzamili ya magonjwa ya kuambukiza inayosomwa kwa masafa, na mwanafunzi huikamilisha kati ya miaka 2 na 5. Ada yake huhesabiwa kwa pauni, kwa hiyo keti kabla ya kuisoma. Karibu zaidi tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Kina kituo Morogoro mjini, kilomita zipatazo 120 kutoka Mikumi. Aliye Kilosa anaweza hata kupanda reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Huria hakikuanzishwa kwa ajili ya maabara za hospitali, lakini anayetaka kuongoza watu na bajeti atapata humo shahada za usimamizi.

Kabla ya kulipa hata shilingi, fanya mambo haya. Uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada ya chuo hicho cha nje inatambuliwa nchini. Uliza pia Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, ambalo ndilo linalokusajili. Halafu nenda kwa ofisa utumishi wako ukamwulize kama shahada hiyo inaingia katika muundo wa kada yako. Tumewaona akina mama waliosoma kwa jasho, wakarudi na cheti kizuri, mshahara ukabaki palepale kwa kuwa fani haikulingana. Elimu haikupotea, ni kweli, ila nyumbani walikuwa wamekwisha kuahidi bati.

Ipo pia shule isiyo na ada, nayo iko kazini kwako. Mwaka 2009, mjini Kigali, ulizinduliwa mpango wa kuboresha maabara za Afrika ujulikanao kama SLMTA, na maabara hupimwa kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Mama anayejitolea kushika daftari la ubora, kurekodi joto la jokofu kila asubuhi na kufuatilia majibu yaliyochelewa, anakusanya maarifa ambayo kesho yanaweza kuwa utafiti wake wa shahada. Wenzako wataikimbia kazi hiyo kwa kuwa ina makaratasi mengi. Ichukue.

Turudi kwa shemeji. Swali lake tusilijibu kwa machozi wala kwa kununa. Chukueni karatasi muandike pamoja: ada ya watoto ya Januari, chakula, michango, kisha ada ya chuo, kifurushi cha intaneti cha kila mwezi, nauli ya Morogoro, na kompyuta kama hamna. Vyuo vingi vya masafa huruhusu kulipia somo moja moja. Basi chukua somo moja mwaka wa kwanza, uone linavyokaa na zamu za usiku, na surua ya mtoto, na wageni wa ukweni wasiotoa taarifa. Saa zako za kusoma zitajwe wazi: labda saa 3 hadi saa 5 usiku, siku nne kwa wiki. Siku hizo vyombo anaosha mwingine, na kijana wa darasa la sita ana mikono miwili kama dada yake.

Karatasi ikionyesha kwamba mwaka huu haiwezekani, iwekeni kwenye kabati pamoja na vyeti, muitoe tena mkubwa atakapomaliza kidato cha nne.