PR SIO UCHAWA, ILA TUSIWAFICHE WADOGO ZETU UPANDE WA PILI

Kuna kazi moja hapa Bongo kila mtu anaiona lakini wachache wanaielewa. PR, kwa Kiswahili uhusiano wa umma. Ukisema unafanya PR, swali la kwanza unaloulizwa ni "wewe chawa wa nani?" La pili, "staa wako anakulipa kweli?"

Idd iliyopita dada mmoja wa mjini, ambaye wanaofuatilia muziki wanazijua kazi zake hata kama sura yake hawaijui, alipanda basi mpaka Dodoma, akaunganisha mpaka kwao Kondoa. Mtoto wa dada yake kamaliza kidato cha sita. Sinia la pilau likiwa katikati, binti akatangaza kwamba anataka kusomea PR kama mama mdogo.

Baba mkubwa akaacha kula. "Yaani usome miaka mitatu ukawe unasifia watu?" Mama mtu yeye anataka uuguzi, kazi inayoeleweka, na ada yenyewe inatoka kwenye madumu ya mafuta ya alizeti anayouza pale mjini Kondoa. Kwa hiyo haukuwa utani. Ilikuwa hela ya alizeti inatafutiwa njia.

Mama mdogo akajitetea, na kwa kweli alijitetea vizuri. Akasema kazi ipo, na vyuo vipo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha, SAUT kule Mwanza wanafundisha. Hata serikalini kuna maafisa habari na Msemaji Mkuu wa Serikali. Akaeleza kwamba kazi sio kushika maiki. Ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, kujua watu wanalalamikia nini kabla bosi hajajua, kumpanga bosi kabla ya mahojiano, na kumwambia "hapana, hii usiposti" saa saba za usiku.

Binti akasema yeye anawajua wasemaji wa Simba na Yanga tu. Nani asiyewajua? Mwaka 2021 msemaji mmoja alipotoka Msimbazi na kutua Jangwani, nchi nzima iliongea kama vile kasajiliwa mshambuliaji. Mama mdogo akamwambia ile ni hamasa, na hamasa ni kipande tu cha kazi. Simba Day ilianza 2009 na mpaka leo watu wanajaa uwanjani. Hilo halikuletwa na mdomo wa mtu mmoja. Kuna watu walikaa chini wakafikiria shabiki anataka kuona nini kabla ligi haijaanza.

Baba mkubwa bado hakuelewa. Hapo ndipo mama mdogo akatumia mfano wa mafuta.

"Dada, wewe wateja wako wanakurudia kwa nini? Kwa sababu siku dumu likiwa na harufu unawaambia wenyewe, hili leo haliko sawa, njooni kesho. Hujasubiri waonje. Basi hiyo ndiyo PR."

Wote wakaitikia. Hata baba mkubwa akarudi kwenye pilau. Ingeishia hapo ingekuwa Idd nzuri.

Lakini binti akauliza, kwa adabu kabisa: "Mama mdogo, ile siku mlivyoandika kwamba akaunti ya msanii wenu imedukuliwa, lile lilikuwa dumu gani?"

Kimya.

Wadau wa mitandao hawahitaji kukumbushwa tangazo la namna ile linavyokuwa. Staa anaposti matusi usiku, asubuhi inatoka taarifa yenye nembo juu: akaunti imedukuliwa, tunaomba radhi kwa usumbufu, vyombo husika vinafuatilia. Wiki mbili baadaye staa mwenyewe anajisahau kwenye mahojiano, anakiri aliandika yeye. Watu wanacheka, maisha yanaendelea.

Ila huyu binti alikuwa kwenye lile jeshi la mashabiki. Aliingia kwenye komenti kumtetea staa usiku kucha, bando lake mwenyewe, na akagombana na rafiki yake wa bweni moja ambaye alisema ni uongo. Mpaka wanamaliza shule hawakuzungumza tena. Staa kapata kiki. Mama mdogo kalipwa. Binti kapoteza rafiki. Akauliza tena: "Ulikuwa unajua ni uongo?" Mama mdogo akasema simu yake inaita, akatoka nje.

Sasa watu wa fani watasema binti kakosa adabu, na kwamba kazi ni kumlinda mteja. Hapana. Kumlinda mteja sio kumdanganya shabiki, maana shabiki ndiye anayemweka mteja mjini. Mwaka 1982 kule Chicago watu saba walikufa baada ya mtu kutia sumu kwenye vidonge vya Tylenol. Kampuni, Johnson & Johnson, haikuwa imetia sumu ile. Ingeweza kujificha nyuma ya polisi. Badala yake iliwatangazia watu wasitumie dawa ile, ikarudisha chupa kama milioni 31 kutoka madukani, kisha ikarudi sokoni na chupa zenye kifungo kipya. Watu wakaendelea kununua. Wenye fani duniani wanafundishana kisa hiki mpaka leo, na ukikichunguza ni kile kile cha dumu la alizeti: sema mwenyewe kabla mteja hajaonja.

Tuwe wakweli lakini. Mama mdogo hakuamka asubuhi akapanga kudanganya. Kodi ilikuwa inamsubiri, bosi kashaamua, yeye kaletewa amri aandike. Mara nyingi mtu wa PR anaitwa nyumba ikishaungua, anaambiwa apake rangi. Hilo ndilo lilipaswa kusemwa pale kwenye sinia. Kwamba kuna siku utapewa uongo uuandike kwa Kiswahili fasaha, na siku hiyo utachagua kati ya mshahara na jina lako. Mtoto akilijua hilo mapema anaingia na macho yake. Akifichwa, anakuja kuwa chawa mwenye digrii.

Na kazi safi ipo, tena hapo hapo kwao. Michoro ya miambani ya Kolo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Mabasi ya Babati yanapita Kolo kila siku, na abiria wangapi wanajua wamepita wapi? Pale hakuna cha kudanganya. Panahitaji mtu wa kupasemea.

Mama mdogo aliondoka siku ya tatu bila kulirudia lile swali. Basi lilipokaribia Dodoma, ujumbe ukaingia kwenye simu ya binti. Neno moja: "Nilijua." Kisha wa pili: "Ukienda chuo, ada ya mwaka wa kwanza nitalipa mimi. Mama yako asiuze dumu kwa ajili hiyo."

Binti hajajibu bado. Fomu ya chuo hajajaza, ya uuguzi pia hajajaza.

Mdau, ungekuwa wewe ungejaza ipi?