Canter Ikichemsha, Usimkate Dereva

Wasee, hii itawauma wengine wenu, hasa wenye magari hapa Keumbu. Poleni mapema.

Kuna tabia imeingia. Mtu ana Canter ya zamani, ile ya injini ya 4D32. Imechoka, moshi tupu, na ikibeba ndizi za Nairobi inapanda mlima wa Mai Mahiu kama mgonjwa. Mwenyewe anashuka Nairobi, anazunguka Kirinyaga Road na Grogan, anarudi na 4D34 ya turbo iliyotumika Japani. Picha kila mahali. Watu wanampa hongera. Halafu fundi anauliza, "Na rejeta?" Jibu ni lile lile kila siku: "Ile ya zamani bado iko sawa. Itashika tu."

Itashika nini?

4D32 ni cc 3,567. 4D34 ni cc 3,907. Ukitoa unabaki na 340, unaona ni kama chupa moja ya soda. Hapo ndipo watu hudanganyika, maanake hawajahesabu turbo. Turbo inasukuma hewa zaidi ndani, hewa zaidi inakubali dizeli zaidi, na dizeli zaidi ni moto zaidi. Kuna hesabu ya zamani ya mafundi kwamba nguvu ya dizeli inagawanyika mara tatu: theluthi hivi inasukuma gari, theluthi inatoka na moshi, theluthi inabaki kwa maji na mwili wa injini. Si hesabu ya maabara, lakini inatosha kuonyesha shida. Ukiongeza nguvu ya gari, joto nalo linapanda. Na rejeta haijui umenunua injini mpya. Yenyewe bado ni ile ile iliyotengenezewa injini ndogo.

Tena sisi hatuko Mombasa. Toka hapa, pita Keroka, Sotik, Bomet, Narok, kisha upande kutoka Mai Mahiu ukielekea Nairobi. Huko juu unavuka mita 2,000 juu ya bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, kwa hivyo feni inavuta hewa kidogo kupitia rejeta. Na maji ya wazi yanachemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha, na presha inashikwa na kile kifuniko cha rejeta ambacho wengine wenu mmekifunga na mpira wa tyubu. Kifuniko kizima cha presha ya 0.9 kinasogeza kuchemka hadi juu ya nyuzi 110. Kibovu kinakuacha kwa 93, na injini ya dizeli ikiwa kazini iko karibu hapo hapo. Yaani mzigo wa mamilioni unategemea kifuniko, na mtu anakataa kununua kingine.

Sasa dawa za mtaani. Ya kwanza: "Toa themostati." Hii naichukia sana. Injini nyingi za dizeli zina njia ya pembeni ya kurudisha maji kwa injini yakiwa baridi, na themostati ikifunguka ndiyo inaifunga hiyo njia. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka pembeni siku nzima bila kuona rejeta. Asubuhi ya baridi ya Keumbu injini inakaa baridi na kula dizeli, na mlimani bado inachemsha. Umepoteza kote kote. Na ile hadithi ingine ya kwamba maji yakikimbia sana hayapati muda wa kupoa, tafadhali, achaneni nayo.

Dawa ya pili: rejeta nene. Mtu anaagiza ya safu nne anafikiri amemaliza. Anza na eneo, urefu mara upana, ule uso unaopigwa na upepo. Safu ya nyuma inapokea hewa ambayo safu za mbele zimeshaipasha moto, kwa hivyo kila safu unayoongeza inasaidia kidogo kuliko iliyotangulia. Mapezi yakibanana sana, yanajaa vumbi na wadudu, na feni haiwezi kuvuta. Kama kuna nafasi, panua kwanza. Ukikwama ndiyo unenepeshe. Kumbuka pia ukiweka intakula mbele ya rejeta, hewa inafika ikiwa tayari moto.

Halafu kava ya feni, ile inayozunguka feni ili ivute hewa kupitia uso wote wa rejeta. Wakati wa kubadilisha injini, feni inasogea, kava haitoshei tena, fundi anaitupa. Rejeta mpya bila kava, gari ikitambaa na gia ya pili, inavuta kona moja tu ya katikati.

Shaba au alumini? Mimi nasema shaba, na si kwa sababu ni tamu. Ikitoboka Narok, kuna mtu wa kuichomelea na risasi jioni hiyo hiyo. Ile ya alumini yenye tangi za plastiki ni nyepesi na inapoza vizuri, lakini plastiki ikipasuka njiani, utalala hapo.

Kuna wale watasema niliacha uhandisi mwaka wa pili kwa hivyo ninyamaze. Sawa. Tepu ya kupimia haiulizi digrii.

Sasa sababu ya mimi kuandika. Mjomba wangu anaendesha gari la mtu, sitataja nani. Injini kubwa, rejeta ya kale. Lilichemsha mlimani, hedi ikapinda, gasketi ikaungua, ndizi zikaiva barabarani. Tanboi alikuwa akibeba maji na mtungi wa lita 20 huku malori yakimpita sentimita chache. Siku ingine jaribu kufungua kifuniko gari ikiwa moto uone uso wako utabaki aje. Mwenye gari alisema nini? "Dereva hakuangalia geji." Akamkata mshahara miezi mitatu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Ni nani hapa alikusudia? Dereva hakuchagua rejeta. Hata hakuwa Grogan siku hiyo. Ungempa ubaya kama angeona mshale umepanda na akaendelea tu, lakini huyu alisimama kando.

Omogaka, nakuheshimu, lakini pesa ya rejeta ilikuwa sehemu ya bei ya injini, na wewe uliikula. Ukienda tena kununua injini, uliza ilitoka na rejeta gani, feni gani na kava gani, na uvibebe pamoja. Ukikosa, pima ile yako na upime ya gari lililokuja na hiyo injini kutoka kiwandani. Ukishafunga, pakia mzigo kamili, panda mlima, halafu umulike mpira wa juu na wa chini na kipima joto cha gereji (si kile cha Korona cha paji la uso, hicho kinaishia joto la mwili). Na ubadilishe maelezo ya injini kwa logbook ya NTSA, usimwachie dereva kesi hiyo pia.

Na mjomba umrudishie yake. Miezi yote mitatu.