Masomo ya garde du corps: mbele ya kulipa, uliza



Kila wiki mu telefone zetu kunapita ile tangazo: kijana amevaa kostimu nyeusi, miwani nyeusi, waya kidogo ku sikio. Chini wameandika: garde du corps kwa wiki tatu, kazi iko. Vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaamini. Mimi pia niliamini, na diploma yangu ya chuo kikuu iko ndani ya nyumba. Nilitoa dola 120. Dada yangu mukubwa njo alinikopesha, na mpaka leo sijamaliza kumulipa.

Wiki tatu tulikimbia, tulipiga pompe, tulijifunza kusimama mikono mbele. Siku ya mwisho wakatupiga picha, wakatupa karatasi yenye muhuri, wakasema: "Mungojee, tutawaita." Miezi minne, kimya. Kisha simu moja ikalia. Ilikuwa wakati wa kampeni ya 2023. Mutu alikuwa anatafuta vijana wenye kifua kwa mukutano wa kandida mumoja: dola 10 kwa siku, tisheti, na kazi ya "kuzuia bale ba upande ingine". Kontra hakuna. Mimi nilikataa. Rafiki yangu tuliyesoma naye alikwenda, ju alikuwa na mutoto wa kulisha. Jiwe likamupasua kichwa. Ile namba iliyotuita haikushika tena. Makuta ya kumushona tulichanga sisi wenyewe.

Njo maana ninaandika. Kulinda mutu ni kazi ya kweli, na kijana anayeichagua hana sababu ya kuona haya. Lakini wengi wanaotuuzia masomo yake wanatafuta vifua vya bei chini, na sisi tunawalipa ili watutafutie bwana.

Tukumbuke tarehe 22 Februari 2021. Ku barabara ya Goma kwenda Rutshuru, karibu na Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa, pamoja na mulinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva wa PAM, ndugu yetu Mustapha Milambo. Iacovacci alikuwa karabinieri, mutu aliyefundishwa kazi yake. Walikuwa na magari mawili ya kawaida, yasiyozuia risasi, na hakuna askari wa kuwasindikiza. Ujuzi wa mulinzi mumoja haukutosha, ju kazi hii inaanza mbele ya gari kuwaka. Nani amepita ile njia jana? Njia ya pili iko wapi? Hospitali ya karibu ni gani? Nani anajua saa ya kutoka? Maswali haya hayajibiwi na misuli.

Basi masomo mazuri yanafundisha kuangalia njia na nyumba mbele ya kufika, kuendesha gari, kuzuia damu ya mutu aliyejeruhiwa, kuandika ripoti, kuchunga siri, kutuliza ugomvi bila ngumi. Hapo mwenye kusoma ana faida, na wasichana pia wana fasi. Kama programu ni kukimbia na kupiga picha tu, rudi nyumbani na makuta yako.

Mbele ya kulipa, uliza mambo manne. Ruhusa yao ya serikali iko wapi? Nani anafundisha, na yeye mwenyewe alimulinda nani? Waliomaliza mwaka uliopita wanafanya wapi? Omba namba za wawili, uwaite. Mwisho: kazi wanayoahidi ina kontra ya kuandikwa na CNSS, ao ni maneno ya mudomo? Na mutu akikuahidi bunduki, kimbia. Kwetu kampuni ya ulinzi haina ruhusa ya kubeba silaha za moto; bunduki ni ya polisi na jeshi.

Tusijilaumu sisi peke yetu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki, na serikali inapaswa kutulinda na ukosefu wa kazi. Kifungu cha 190 kinakataza mutu yeyote kuunda milisi yake ao kuchunga vijana wenye silaha. Leo wanaanza na tisheti na fimbo. Kesho itakuwa nini?

Tunaomba mambo matatu. Wizara ya mambo ya ndani itoe wazi, ku kila mji, liste ya kampuni na vituo vyenye ruhusa. INPP, iliyoundwa tangu 1964 ju ya kufundisha watu kazi, ifungue masomo ya ulinzi kwa bei ambayo mutoto wa Katuba anaweza kulipa. Na inspekta wa kazi apite usiku ku milango ya depo na ya makampuni, aulize walinzi kontra zao.

Rafiki yangu leo ni zamu ku depo moja. Alama ya lile jiwe iko ku paji la uso wake. Kampeni ingine itakuja, na simu italia tena. Siku hiyo, ndugu, dada, tujibu wote neno moja: kontra iko wapi?