Kompyuta Isiyowaka Haijafa

Wanafunzi wenzangu, ile desturi ya kusema "imekufa" kila kompyuta mpakato inapokataa kuwaka, kisha kuifungia kabatini, yafaa tuiache. Katika chumba chetu tatu zimefungiwa hivyo, huku wanafunzi wanne tukigombea moja.

Mganga humpima mgonjwa kwanza. Nasi tuanze na soketi: tuchomeke taa, tujue kama umeme upo. Kisha tujaribu chaja nyingine ya namna ile ile. Halafu tuchomoe chaja, tutoe betri kama yatoka, tubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Turudishe chaja, tuwashe. Kama feni yavuma lakini kioo ni cheusi, tuunganishe kioo kingine: picha ikionekana humo, kompyuta yenyewe yafanya kazi, na huenda tatizo ni kioo chake. Ikilia, au taa yake ikiwaka na kuzimika mara kadhaa, tuhesabu. Kitabu cha mashine hueleza maana yake.

Hata ikishindikana, kazi zilizo katika diski mara nyingi huwa salama.

Basi nawaomba walimu wetu: mashine isihukumiwe kabla ya kupimwa, na kuipima tufundishwe sisi.