Bei ya dhahabu: 'Oktoba' tu haitoshi

Ukikuta jedwali la bei ya dhahabu, anza na safu ya tarehe. Mengi hukata siku na kubakiza mwezi. Kwa mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama, hiyo siku ndiyo hela yenyewe.

Chukua Oktoba 2025. Tarehe 8, wakia moja ilivuka dola 4,000 kwenye soko la dunia, mara ya kwanza kabisa. Tarehe 20 ikakaribia 4,380. Kesho yake ikaporomoka zaidi ya asilimia 5, yaani zaidi ya dola 7 kwa kila gramu. Kufikia tarehe 28 ilikuwa imeshuka tena chini ya 4,000.

Ziweke siku zote hizo chini ya "Oktoba", unapata wastani mmoja. Aliyeuza tarehe 20 na aliyeuza tarehe 28 wanaonekana sawa.

Jumla ya mwezi ina kazi yake, mfano kufuatilia mauzo ya nje. Lakini mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji wakigombea mgawo, haiwasaidii. Hapo inatakiwa risiti yenye siku.

Kutoka siku utapata mwezi. Kutoka mwezi, siku hairudi. Basi tunza risiti yako.