MAMBO YA MOTOKAA: Mjumbe wa Joto Ahojiwe Kwanza

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Methali hiyo yawafaa sana wenye motokaa za zamani, maana katika kila injini ipozwayo kwa maji yumo mjumbe mdogo ambaye kazi yake ni kuleta habari za joto. Mara nyingi mjumbe huyo hutupwa nje bila kosa lo lote, na mara nyingine huachwa mahali pake ilhali amekwisha kuwa mwongo. Juma hili napenda kuwaeleza wasomaji habari zake: yeye ni nani, dalili za ugonjwa wake ni zipi, ahojiwe namna gani, na jinsi ya kumtoa na kumtia mwingine.

Jambo lenyewe si dogo. Motokaa ya karani imenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, na pikapu ya mkulima ndiyo ichukuayo maziwa na viazi mpaka sokoni. Injini ikizidi kuchemka, kichwa chake cha alumini hupinda na gasketi huungua. Hapo gharama za fundi, ikiwa gari lenyewe ni zee, huweza kukaribia bei ya gari zima. Lakini mjumbe tunayemzungumzia, ambaye mafundi humwita sensa ya joto, ni kitu kinachofunikwa na kiganja cha mtoto.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi kinavyofanya kazi. Sensa ni kikopo kidogo cha shaba ya manjano chenye meno ya skrubu, na ncha yake huzama katika maji ya injini. Ndani ya ncha hiyo imo punje ya madini yenye tabia iliyo kinyume na ile ya waya. Waya wa kawaida ukipata moto huzidi kuuzuia umeme. Lakini punje hii ikipata moto huufungulia umeme njia. Kwa hiyo maji yakiwa baridi umeme hupita kwa shida, na maji yakiwa moto umeme hupita kwa wepesi. Kwa kupima umeme upitao, gari hujua joto la maji. Hakuna uchawi wala siri nyingine.

Neno la pili ni hili: magari mengi hayana mjumbe mmoja tu. Magari ya zamani sana yenye kabureta, kama vile Land Rover na Peugeot 504 za kwanza, huwa na sensa yenye waya mmoja iendeshayo mshale ulio mbele ya dereva. Lakini magari yaliyokuja baadaye yakiwa na kompyuta ya kugawa petroli yana sensa ya pili yenye nyaya mbili, nayo haisemi na dereva bali husema na kompyuta. Tena mengi yana swichi ya tatu ya kuwasha feni. Mtu asiyejua tofauti hii hununua sensa ya mshale ili aponye ugonjwa wa kompyuta, kisha humlaumu muuza vipuri.

Basi tutazame dalili. Sensa ya mshale ikiharibika, au waya wake ukikatika, mshale hulala upande wa baridi hata baada ya safari ndefu. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha injini, mshale huruka mpaka upande wa moto mara tu ufunguo unapozungushwa, hali injini imelala usiku kucha. Injini baridi haiwezi kuchemka; mshale ukisema hivyo, ni dhahiri kwamba ushahidi ni wa uongo. Katika Land Rover za zamani na magari mengine ya Kiingereza, ikiwa mshale wa joto na mshale wa petroli yote miwili imeanza kudanganya pamoja, usiziguse sensa kwanza. Kishuku kile kidude kidogo kilicho nyuma ya saa hizo, ambacho hupunguza umeme wa betri mpaka kadiri ya volti 10 kwa ajili ya saa zote mbili.

Sensa ya kompyuta ina dalili nyingine. Ikiiambia kompyuta kwamba injini ni baridi sikuzote, kompyuta humwaga petroli nyingi kama ifanyavyo asubuhi. Moshi hutoka mweusi, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na mwenye gari hushangaa kuona petroli inakwisha upesi. Ikiwa sensa imekufa kabisa, kompyuta nyingi hufanya makisio yake zenyewe. Kwa mfano, katika Toyota Corolla za mwanzo wa miaka ya 1990 kompyuta hukisia kwamba maji yana nyuzi 80. Makisio hayo hufaa injini ikiwa moto, lakini asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai huko Limuru au Nyahururu injini hukataa kuwaka.

Sasa tuje katika kuhoji. Nachagua Corolla hiyo iwe mfano, maana ni gari lijulikanalo na wengi. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake mna matundu yaliyo na majina. Chukua kipande kifupi cha waya, uunganishe tundu la TE1 na tundu la E1, kisha uzungushe ufunguo bila kuwasha injini. Soma majina mara mbili kabla ya kuingiza waya, kwa kuwa kukosea tundu huweza kuleta hasara. Taa ya injini iliyo mbele ya dereva itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lawama iliyoweka akibani. Ikikonyeza mara mbili, ikatua, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni namba 22, yaani kompyuta inailalamikia sensa ya joto la maji au nyaya zake.

Angalia vema maneno hayo ya mwisho: au nyaya zake. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kabla ya kununua cho chote, chomoa soketi ya sensa, uitazame. Ukiona kutu ya kijani, safisha. Fuata nyaya kwa vidole, utazame kama panya wamezitafuna au kama zimeungua mahali zinapokaribia bomba la moshi. Tena, taa hiyo hutoa namba 22 pale tu njia ya umeme inapokatika au nyaya zinapogusana. Sensa inayodanganya kidogo kidogo haitashitakiwa na taa. Hiyo hapana budi kupimwa.

Kipimo chake ni chepesi, nacho hutaka mita ya umeme, sufuria na kipimajoto. Toa sensa, ning'iniza ncha yake ndani ya maji yaliyo katika sufuria, lakini pini za umeme zisilowe. Kisha pasha maji moto polepole ukisoma mita. Kwa Corolla hiyo, maji yakiwa na nyuzi 20 mita yapasa isome omu 2,000 hadi 3,000. Kwa nyuzi 40 isome 900 hadi 1,300, kwa nyuzi 60 isome 400 hadi 700, na kwa nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Hesabu ishuke taratibu bila kurukaruka. Ikisimama mahali pamoja, au ikiruka, mjumbe huyo ni mwongo na afukuzwe kazi. Magari ya aina nyingine yana hesabu zake, na kitabu cha gari ndicho kitakachozitaja.

Wanaokaa nyanda za juu wakumbuke jambo moja. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale Mombasa, bali Nairobi huchemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi, na kila upandapo juu hesabu hiyo hupungua. Usikilaumu kipimajoto chako ukiona maji yanatokota kabla ya 100. Tena hiyo ndiyo sababu kifuniko cha rejeta ni kitu cha maana. Kazi yake ni kuubana mvuke ili maji yaweze kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kilicholegea huchemsha injini katika mlima wa Timboroa hali sensa haina hatia.

Sensa ya mshale ina mtihani wake. Chomoa waya wake mmoja, uzungushe ufunguo: mshale ukae upande wa baridi. Kisha ugusishe waya huo na chuma cha injini kwa kupitia taa ndogo ya kujaribia, si waya mtupu: mshale uelekee upande wa moto. Ikiwa mshale umetii mara zote mbili, basi saa na waya ni vizima, na mshitakiwa aliyebaki ni sensa. Ikiwa haukutii, hata ukinunua sensa 10 hutapata faida.

Hukumu ikiisha kutolewa, kubadilisha sensa ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye subira. Ngoja injini ipoe kabisa. Anayefungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto atapigwa usoni na maji yenye moto kupita uji. Fungua waya wa hasi wa betri. Mwaga maji kidogo kutoka katika rejeta, uyakinge kwa chombo safi. Wakulima watahadhari hapa: dawa inayotiwa katika rejeta ina utamu, na ni sumu. Mbwa au ndama akilamba dimbwi lake aweza kufa. Usiimwage uani.

Chomoa soketi kwa kubonyeza kibano chake, usivute nyaya. Fungua sensa kwa soketi ndefu ya spana, ambayo kwa Toyota hizo ni namba 19. Linganisha sensa mpya na ya zamani: meno, urefu wa ncha na idadi ya pini. Tia washa mpya. Kama ni sensa ya mshale yenye waya mmoja, usiizungushie utepe wa plastiki kwenye meno, kwa maana umeme wake hurudi kwa kupitia meno hayo hayo, na utepe huweza kuuzuia. Anza kuikaza kwa vidole, ndipo umalizie kwa spana kwa nguvu ya kadiri. Shaba ni laini na alumini ni laini. Fundi mwenye mikono ya kukaza magurudumu ya lori ataharibu meno, na kazi ya nusu saa itakuwa ya siku tatu.

Kisha jaza maji, urudishe waya wa betri, uwashe injini kifuniko kikiwa wazi na kipasha joto cha ndani ya gari kikiwa kimefunguliwa, ili hewa iliyonaswa ipate kutoka. Mpira wa juu wa rejeta ukianza kuwa moto, jua kwamba themostati imefunguka. Ongeza maji yaliyopungua, funga kifuniko, uone kama feni inawaka na kuzima kwa wakati wake. Mwisho tazama kama maji yanavuja penye sensa.

Nimebakiza neno lililo kubwa kuliko yote. Sensa husema kweli ikiwa imezama ndani ya maji tu. Maji yakivuja hata ncha yake ikabaki hewani, mshale huweza kushuka upande wa baridi wakati ule ule injini inapoungua. Dereva huona mshale umetulia, akakanyaga mafuta. Kwa hiyo mshale unaoanguka ghafula safarini si habari njema. Simama kando ya barabara, zima injini, ngoja ipoe, ndipo utazame maji. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama kipimo cha maji kwa macho yako mwenyewe, kwa maana mjumbe hawezi kuleta habari za mahali ambapo hakufika.

Wako watu ambao, mshale ukipanda kila siku, huchomoa waya wa sensa ili wasisumbuliwe. Huyo amemfunga mjumbe kinywa, na adui bado yuko mlangoni. Sensa mbovu ibadilishwe bila kuchelewa. Lakini sensa ikisema kweli, isikilizwe, hata kama habari zake zinatugharimu fedha.